Kivuli cha saa tatu: kuchora grafu za tanjenti, kotanjenti, sekanti na kosekanti

Grafu ya saini haimsumbui mtu. Inapanda, inashuka, inapanda tena kama jahazi kwenye maji ya kusi, na haivuki 1 wala haizami chini ya −1. Ya kosaini ni hiyo hiyo, imesogezwa tu nyuzi 90 kushoto. Balaa huanza pale ubaoni panapoandikwa y = tan x. Mstari unapaa hadi unatoka nje ya karatasi, unapotelea huko, kisha unaibuka chini kabisa upande wa pili kana kwamba umepita nyuma ya daftari. Baada yake wanakuja ndugu zake watatu, kotanjenti, sekanti na kosekanti, na hapo wengi huamua kukariri picha nne na kumwomba Mungu zisichanganyike siku ya mtihani.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Kidato cha tatu nilitengeneza jedwali langu vizuri, nyuzi 0, 15, 30 na kuendelea, nikaweka nukta, halafu nikaziunganisha zote bila kuinua penseli. Kutoka 3.73 kwenye nyuzi 75 niliteremka moja kwa moja hadi −3.73 kwenye nyuzi 105. Mstari ukakata mhimili wa x kwenye 90 kamili, yaani kwa mchoro wangu tan 90 ilikuwa sifuri. Daftari lilirudi limechorwa mkasi mwekundu juu ya ukurasa mzima, bila neno hata moja. Nilikuja kuelewa kosa langu miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama uwanjani asubuhi natazama kivuli cha mlingoti wa bendera.

Saa zetu ni mhimili wa x

Anayesema Kiswahili ana bahati moja katika somo hili. Saa zetu zinahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua. Saa moja ni saa moja tangu kuche, saa sita jua liko utosini, saa kumi na mbili linatua. Kwa macho yetu jua linamaliza duara, nyuzi 360, kwa saa 24. Kila saa basi ni nyuzi 15. Ukitaja saa umeshataja pembe: saa mbili ni nyuzi 30, saa tatu ni 45, saa nne ni 60.

Hesabu hii inanyooka kabisa kwenye mstari wa ikweta tu, tena siku mbili kwa mwaka, zile ambazo usiku na mchana hulingana: karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba. Siku hizo mtu aliye Nanyuki, au Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, huona jua likitoka mashariki kamili, likipanda wima bila kuinamia upande wowote, na kupita juu ya utosi wake. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, adhuhuri ya siku hiyo kijiti cha mita moja bado hubaki na kivuli cha sentimita 12 hivi. Nanyuki hakibaki na kitu.

Usitumie saa ya mkononi kuhakiki haya, itakuangusha. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo inapita huko Somalia. Nanyuki iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua hufika utosini karibu saa sita na nusu. Katika makala hii saa moja ni saa moja tangu jua litokeze, kama walivyohesabu wazee.

Kijiti kilichosimama: kotanjenti

Nitaanza na kotanjenti ingawa vitabu huiweka ya pili, kwa sababu kivuli chake kila mtu amekiona.

Simika kijiti cha mita moja wima kwenye ardhi tambarare, pale ikweta, siku ile. Saa moja asubuhi jua liko nyuzi 15 juu ya upeo, na kivuli kinalala kuelekea magharibi, urefu mita 3.73. Saa mbili kimepungua hadi 1.73. Saa tatu kivuli na kijiti vinalingana, mita moja kwa mita moja. Saa nne ni sentimita 58, saa tano sentimita 27, saa sita hakuna kivuli. Urefu huo ndio kotanjenti ya pembe ya jua. Hakuna fumbo zaidi ya hapo: cot x ni urefu wa kivuli cha kijiti cha mita moja.

Baada ya saa sita kivuli kinarudi, ila sasa kimehamia mashariki. Saa saba kina sentimita 27, saa nane 58, saa tisa mita moja tena. Kama upande wa magharibi tuliuita chanya, upande wa mashariki lazima uwe hasi. Ndiyo maana cot 105 ni −0.27 na cot 135 ni −1. Alama ya kutoa hapa ni mwelekeo tu, haina ubaya mwingine. Na hiyo saa tisa haikuokotwa: kwa hesabu ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kitu chenyewe, baada ya kuongeza kivuli cha adhuhuri kama kilikuwepo. Ikweta, siku ya usiku na mchana sawa, cha adhuhuri ni sifuri. Alasiri inaingia pale pale grafu inapogusa −1.

Sasa rudi alfajiri, maana huko ndiko kwenye kiini cha mambo. Nusu saa tangu kuche, kivuli kina mita 7.6. Robo saa, mita 15 na ushee. Dakika nne tu tangu kuche, jua likiwa nyuzi 1 juu ya upeo, kivuli kina mita 57. Ukikaribia zaidi kinazidi kurefuka, na uwanja wowote utakaouchagua, uwe wa mpira au wa ndege, kitautoka. Jua likiwa kwenye upeo wenyewe, mwale unaopita kwenye ncha ya kijiti unakwenda sambamba na ardhi. Mistari miwili sambamba haikutani. Kwa hiyo ncha ya kivuli haipo mahali popote, na cot 0 haina thamani.

Mstari wa wima unaouchora kwenye grafu mahali hapo unaitwa asimtoti. Uchore kwa vistari vilivyokatika, kwa sababu si sehemu ya grafu. Ni alama ya mahali ambapo mwale na ardhi vilikosa kukutana. Jioni saa kumi na mbili jambo lile lile linajirudia, upande wa mashariki, na asimtoti nyingine inasimama kwenye nyuzi 180.

Ukiweka mchana mzima kwenye karatasi unapata tawi moja la kotanjenti: linashuka kutoka juu sana karibu na 0, linapita 1 kwenye 45, linakata mhimili kwenye 90, linapita −1 kwenye 135, linazama karibu na 180. Tawi hilo linajirudia kila nyuzi 180, nusu ya kipindi cha saini. Na kila mahali linashuka. Hakuna sehemu hata moja ambapo kotanjenti inapanda.

Kijiti cha ukutani: tanjenti

Chukua kijiti kingine cha mita moja, safari hii kipigilie kwenye ukuta unaotazama mashariki, kilale mlalo kama kigingi cha kuanikia nguo. Jua linapochomoza linakitazama kijiti kwenye ncha, na kivuli chake kinajificha nyuma yake: sifuri. Saa moja kivuli kimeteremka ukutani sentimita 27. Saa tatu, mita moja. Saa nne, 1.73. Saa tano, 3.73. Hizi ni namba zile zile za kotanjenti, zinakuja kinyumenyume. Hii ndiyo tanjenti, na kiambishi «ko» kwenye jina la mwenzake kinasema jambo hilo hilo: kotanjenti ya pembe ni tanjenti ya pembe inayobaki kufika 90. Cot 30 ni tan 60.

Kuelekea saa sita kivuli kinatelemka ukutani kwa kasi ya kutisha. Dakika nne kabla kimefika mita 57 chini ya kijiti, na ungehitaji ukuta wa ghorofa nyingi kukiona. Saa sita kamili mwale uko sambamba na ukuta. Havikutani. Tan 90 haipo.

Dakika nne baada ya saa sita je? Hapa ndipo penseli yangu ya kidato cha tatu ilipopotea njia. Jua limevuka kwenda magharibi, nyuma ya ukuta. Kivuli halisi hakipo tena, lakini mstari unaotoka kwenye jua kuja kwenye ncha ya kijiti bado upo, na lazima uutoboe ukuta mahali fulani. Mahali hapo sasa pako juu ya kijiti, mita 57 juu. Fikiria uzi mrefu uliofungwa kwenye ncha ile, umevutwa karibu wima. Ukiuinamisha kidogo upande mmoja unakutana na ukuta mbali sana chini, ukiuinamisha kidogo upande wa pili unakutana nao mbali sana juu. Uzi wenyewe haukuruka. Umezunguka taratibu, nyuzi 2 tu. Kilichoruka ni sehemu ya kukutana, kutoka 57 hadi −57, na haikupita sifuri njiani. Mtu akiunganisha matawi mawili ya tanjenti kwa mstari, anadai kwamba uzi ulipokuwa wima uligusa ukuta.

Habari hii ya vivuli viwili ni ya zamani. Wanafalaki wa Baghdad, akiwemo Habash al-Hasib katika karne ya 9, walitengeneza majedwali ya vivuli kwa ajili ya kazi zao, na Ulaya ya baadaye waliviita kwa Kilatini umbra recta, kivuli cha kijiti kilichosimama, na umbra versa, kivuli kilichogeuzwa cha kijiti cha ukutani. Majina tunayotumia leo yalikuja na Mdenmark Thomas Fincke mwaka 1583: tanjenti kutokana na neno la kugusa, sekanti kutokana na neno la kukata. Kwa maoni yangu vivuli vilikuwa majina bora.

Kuichora tanjenti sasa ni kazi ya dakika mbili. Weka asimtoti kwenye 90 na 270, na −90 ukitaka kwenda kushoto. Katikati ya kila asimtoti mbili tawi linakata mhimili: 0, 180, 360. Nusu ya njia kutoka hapo hadi asimtoti, kulia, liko kwenye 1, na kushoto liko kwenye −1. Nukta tatu kwa tawi zinatosha, zikifuatwa na mkono usioogopa kupaa. Kosa moja dogo naliona mara nyingi: wanafunzi hupitisha tawi kwenye mhimili likiwa karibu wima. Pale kwenye sifuri tanjenti inapita kwa ulalo, inainuka kadiri inavyokwenda (kama mhimili wa x umepimwa kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, na vipimo vya mihimili yote ni sawa, mwinamo wake hapo ni nyuzi 45). Inaanza kuwa na haraka baadaye.

Uzi wenyewe: sekanti na kosekanti

Sekanti na kosekanti ni urefu wa uzi. Kwenye kijiti kilichosimama, pima kutoka ncha ya kijiti hadi ncha ya kivuli: hiyo ni kosekanti. Kwenye kijiti cha ukutani, pima vivyo hivyo: hiyo ni sekanti. Kijiti, kivuli na uzi ni pembetatu yenye pembe mraba, uzi ukiwa upande mrefu, na Pythagoras anakuambia papo hapo kwamba sec² = 1 + tan², na cosec² = 1 + cot². Fomula mbili ulizokariri ni pembetatu mbili za juani.

Na hapo hapo unajua kwa nini grafu hizi zina pengo katikati. Upande mrefu wa pembetatu hauwezi kuwa mfupi kuliko kijiti cha mita moja. Sekanti na kosekanti hazipatikani kamwe kati ya −1 na 1. Adhuhuri, pasipo na kivuli, kosekanti inakaribiana na kijiti hadi inalingana nacho: 1 kamili. Asubuhi na jioni inarefuka bila kikomo.

Kuzichora usianze nazo. Anza na wimbi wanalotokana nalo, kwa penseli hafifu: kwa sec x chora cos x, kwa cosec x chora sin x. Popote wimbi linapokata mhimili, simamisha asimtoti, kwa sababu sec x ni 1 ukigawanya kwa cos x, cosec x ni 1 ukigawanya kwa sin x, na hapo unagawanya 1 kwa sifuri. Popote wimbi linapofika kileleni, tawi la bakuli linakaa juu ya kilele hicho na kukigusa. Kwenye bonde, bakuli limefunikwa chini. Wimbi likiwa nusu, bakuli liko 2: cos 60 ni 0.5, sec 60 ni 2. Likiwa robo, bakuli liko 4. Kisha futa wimbi, au liache, mimi huliacha.

Bakuli hizo si parabola, ingawa kwa mbali zinafanana. Parabola inaendelea kupanuka kadiri inavyopanda. Bakuli la sekanti limebanwa na kuta mbili, haliwezi kutoka kati ya −90 na 90 hata lipande vipi.

Mtihani ukiongeza namba, usiogope. Kwa y = 3 tan 2x, jiulize 2x inafika 90 lini: x ikiwa 45. Hapo pana asimtoti, na kwa kuwa kila kitu kinakwenda kasi maradufu, kipindi ni 90 badala ya 180. Ile 3 haiwi kimo cha wimbi, maana tanjenti haina kimo; inasema tu kwamba kwenye x = 22.5, mahali ambapo tawi lingekuwa 1, sasa liko 3. Kwa y = 2 cosec (x − 30), wimbi la saini limesogea nyuzi 30 kulia: asimtoti ziko 30 na 210, bakuli la juu linagusa 2 kwenye 120, la chini linagusa −2 kwenye 300.

Mitego ya kikokotoo

Vikokotoo vingi havina vitufe vya cot, sec wala cosec, na hapo watu hubonyeza tan⁻¹ wakidhani ndiyo kotanjenti. Siyo. Kitufe hicho kinauliza swali la kinyume: kivuli kina urefu huu, jua liko pembe gani? Ukitafuta cot 30 kwa njia hiyo unapata 88.09, wakati jibu ni 1.73. Cot ni 1 ukigawanya kwa tan, bonyeza hivyo. Na kabla ya yote andika tan 45. Usipopata 1, ukapata 1.6198, kikokotoo kiko kwenye radiani, na grafu yako yote itakuwa ya mtu mwingine.

Programu za kuchorea nazo hukosea kosa langu lile lile. Zinakokotoa nukta nyingi kisha zinaziunganisha, na baadhi huunganisha hata ile ya juu na ya chini, ukaona mstari mnene wa wima kwenye 90. Mwanafunzi anaunakili daftarini kama ulivyo, tena kwa wino.

Sekanti iliyotundikwa ukutani

Ramani ya dunia iliyobandikwa kwenye madarasa mengi ni grafu ya sekanti, ingawa haikuandikwa hivyo. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichapisha ramani ambayo nahodha akichora mstari ulionyooka anapata mwelekeo mmoja wa dira safari nzima. Gharama yake ni kwamba kila mahali pananyooshwa kwa kiasi cha sekanti ya latitudo yake, na mwaka 1599 Mwingereza Edward Wright alichapisha majedwali ya kuichora, aliyoyapata kwa kujumlisha sekanti hatua kwa hatua. Ikweta sec 0 ni 1, kwa hiyo Kisangani imechorwa kwa kipimo chake halali. Latitudo 60 kila urefu umekuwa mara 2. Katikati ya Greenland, karibu latitudo 72, sekanti ni 3.2, na eneo, ambalo ni urefu mara upana, limevimba zaidi ya mara 10.

Ndiyo sababu Greenland inaonekana kulingana na Afrika nzima. Kwa kweli ina kilomita za mraba milioni 2.17, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake ina milioni 2.34. Panda zaidi: sec 80 ni 5.8, sec 85 ni 11.5, sec 89 ni 57.3, mita zile zile za alfajiri. Kwenye ncha, latitudo 90, pana asimtoti. Hakuna karatasi inayoweza kuifikia, na ramani nyingi za mtandaoni za aina hii zimekatwa latitudo 85.05, mahali ambapo picha ya dunia inakuwa mraba kamili.